Mashine ya Kufulia ya Mlango wa Juu kwa Nyumba ya Simtanki: Ipi Inunuliwe?

Januari ya mwaka jana nilinunua mashine ya kufulia ya mlango wa juu, ya kilo 8, kwa shilingi 890,000, katika duka moja la katikati ya jiji la Arusha. Chapa yake siitaji, wala duka silitaji, kwa sababu ninayoyaeleza hayahusu ubovu wa kiwanda. Nilikuwa nimeuliza yote ambayo mnunuzi mwangalifu huuliza: ukubwa, kasi ya kukamua, udhamini, hata rangi. Nilipofika kwenye suala la maji, muuzaji alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, "Dada, hii inakula maji yoyote, ya bomba, ya kisima, hata ya mvua." Nikalipa.

Nyumbani kwetu Moshono maji ya bomba hayaji kila siku. Yanapokuja hujaza simtanki ya lita 1,000 iliyoketi juu ya stendi ya chuma ya mita mbili, nasi huishi na tangi hilo mpaka yarudi tena. Jumatatu ya kwanza, maji ya bomba yakiingia moja kwa moja, mashine ilifua mashuka vizuri hata jirani akaja kuitazama. Alhamisi, tukiwa tumehamia kwenye tangi, ililia kwa sauti ndogo kama ya nyuki, ikaingiza maji membamba kama uzi, kisha ikaacha kazi na kuonyesha alama ya hitilafu kwenye kioo. Jumamosi alfajiri ndipo nilipokasirika kweli. Mashine ilikuwa imezimwa tangu usiku, lakini ndani ya pipa lake mlikuwa na maji ya kufika kwenye kiwiko, ambayo hakuna mtu aliyeyaweka.

Fundi wa kwanza alibadilisha vali ya kuingizia maji kwa shilingi 45,000 pamoja na ufundi. Wiki iliyofuata mambo yakawa yale yale. Fundi wa pili, mzee mwenye kibanda chake Kijenge, hakuifungua mashine kabisa. Alitoka nje, akalitazama tangi kwa muda, akaomba futi kamba. "Mama, mashine yako ni nzima," akasema. "Inayoumwa ni stendi."

Alichonifundisha siku ile sijawahi kukisikia dukani, na ndicho kitu cha kwanza ninachomwambia kila anayeniuliza anunue mashine gani. Vali ya kuingizia maji ina utando wa mpira ambao sumaku ya umeme haiuinui yenyewe. Sumaku hufungua tundu dogo tu, na maji, kwa presha yake, ndiyo huufungua utando huo au kuubana ujifunge. Presha ikiwa ndogo, vali haifunguki vizuri, na ubaya zaidi ni kwamba haifungi vizuri pia, ndiyo maana mashine iliyozimwa inaweza kujaa tone kwa tone usiku kucha huku wenye nyumba wamelala. Kwa hiyo kila kiwanda huandika kwenye kijitabu cha maelekezo kiwango cha chini cha presha ya maji. Katika mashine nyingi namba hiyo ni 0.03 au 0.05 MPa (megapaskali, kipimo cha presha), na wengine huiandika kPa 30 au 50, au bar 0.3 au 0.5, ni kitu kile kile.

Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa takriban 0.01 MPa. Mashine inayodai 0.03 inataka uso wa maji ndani ya tangi uwe mita tatu juu ya vali, na inayodai 0.05 inataka mita tano. Nimesema juu ya vali, si juu ya ardhi, na vali huwa nyuma ya mashine, karibu mita moja kutoka sakafuni. Kwangu hesabu ilikuwa hivi: stendi mita 2, maji ya tangi lililojaa mita 1.2, toa mita 1 ya vali, inabaki 2.2. Tangi likifika nusu inabaki 1.6. Yaani hata siku tangi limefurika sikuwa nafikia hata ile 0.03, na hapo bado hujatoa presha inayopotea kwenye bomba la nusu inchi lenye kona nyingi. Pita mitaa ya Sakina, Olasiti au Njiro uhesabu stendi zinazozidi mita tatu; si nyingi, lakini maduka yanauza mashine kila siku.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, pima nyumbani kwako. Ukikuta kimo hakitoshi, una njia mbili za kweli: kuinua stendi, au kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha yenye swichi inayojiwasha maji yakifunguliwa. Kuna mafundi wanaotoa kile kidude cha mpira kinachopunguza kasi ya maji ndani ya vali. Maji yataingia kwa haraka kidogo, lakini utando hautafunga vizuri zaidi kwa sababu hiyo, na siku maji ya bomba yanaporudi kwa nguvu utajuta. Na usisahau chujio dogo lililo kwenye mdomo wa vali. Wakati wa masika, maji yanapokuja na rangi ya chai ya rangi, mimi hulitoa kwa koleo kila wiki mbili na kulisugua kwa mswaki wa zamani. Mchanga mweusi ninaoutoa ungetosha kijiko cha chai.

Kuhusu wingi wa maji, mashine za mlango wa juu zina njaa, na anayekuambia vinginevyo anataka kuuza. Ya kilo 8 yenye sahani inayozunguka chini, ikifua na kusuuza mara mbili kwa kiwango cha juu, hutumia takriban lita 100 hadi 150, yaani ndoo tano mpaka saba na nusu za lita 20. Ya mlango wa mbele yenye ukubwa huo huo inaweza kutumia nusu ya hayo. Kwa lugha ya ankara, uniti moja ya maji, ambayo ni lita 1,000, inakufulia mara saba hadi kumi, na kwangu uniti moja ndiyo tangi zima. Ndiyo maana ninapinga desturi ya wauzaji ya kumsukumia mteja mashine ya kilo 13 wakati familia ni ya watu wanne. Pipa kubwa lina kiwango cha chini kikubwa pia. Ukiweka nguo nne za shule, bado litataka maji mengi ili sahani iweze kuzigeuza. Angalia vilevile mpira wa kutolea maji. Kama mashine ina pampu, mpira unatakiwa uinuliwe kama kijitabu kinavyoelekeza, kwa sababu ukilazwa chini, maji hujivuta yenyewe kutoka ndani wakati mashine inajaza, nayo itajaza bila kushiba.

Sasa nipange, na sifichi kwamba nina upande.

Ya kwanza kwangu ni LG, ya kilo 8 au 9, yenye maandishi "Inverter Direct Drive" usoni. Maneno hayo yana maana: mota imefungwa moja kwa moja kwenye pipa, bila mkanda unaochakaa na kuteleza, na mashine huzipima nguo kwanza ndipo iamue ijaze maji kiasi gani. Usichanganye na maandishi mengine ya "inverter" peke yake, ambayo husema kuhusu namna mota inavyoendeshwa tu, si kuhusu mkanda. Kilichonifanya nisiiache, hata hivyo, ni kwamba kijitabu cha ile niliyoichukua baadaye kimeandika 0.03 MPa, na kwa nyumba zetu tofauti kati ya 0.03 na 0.05 ni mita mbili za chuma na saruji. Soma cha modeli yako mwenyewe, kwani namba hubadilika kutoka modeli hadi modeli. Ikikosa maji, LG huonyesha IE; ukiiona alama hiyo, anza na koki, kisha chujio, kisha tangi, ndipo umpigie fundi. Udhaifu wake ni bodi, yaani kile kibao cha elektroniki kinachoiongoza mashine. Mashine yoyote ya inverter ina bodi isiyopenda umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na kifaa cha kulinda umeme, kama kile cha friji, si anasa.

Ya pili ni Samsung. Ile sahani yake yenye vinundu husokota nguo kidogo kuliko nyingi nilizoziona, na mota yake ya inverter ni tulivu kiasi kwamba mtoto hulala chumba cha pili. Ikikosa maji huandika 4C, au 4E kwa zile za zamani. Watu hunikumbusha kwamba mwaka 2016 Samsung iliziita tena mashine za mlango wa juu zipatazo milioni 2.8 zilizouzwa Marekani, kwa sababu sehemu ya juu iliweza kuchomoka wakati wa kukamua. Ni kweli, na funzo lake linakuhusu hata ukinunua chapa nyingine: blanketi moja zito lililolowa upande mmoja wa pipa ni hatari kuliko nguo nyingi ndogo, na mashine iliyosimama kwenye sakafu isiyo sawa itatembea. Weka pimamaji juu yake siku ya kuifunga, na ukatae fundi anayesawazisha kwa vipande vya boksi.

Hisense na Haier naziweka pamoja katika nafasi ya tatu. Zinafua vizuri na bei ni ya kuvutia, lakini kabla hujalipa muulize fundi wa mtaani kwako, si muuzaji, kama vali na pampu ya modeli hiyo anavipata Arusha au lazima viagizwe Dar es Salaam.

Zile za mapipa mawili, za kujaza kwa mpira au ndoo na kuhamisha nguo kwa mkono, hazijali presha ya tangi hata kidogo, na kwa mpangaji mwenye bomba la uani zinatosha. Mimi sizipendi. Mtumba wa Marekani wenye nguzo katikati uachie wengine: ni wa volti 120 na herzi 60, wakati umeme wetu ni wa volti 230 na herzi 50, transfoma itakurekebishia volti, lakini haigusi herzi.

Mashine yangu ya kwanza nilimuuzia wifi yangu anayeishi Soweto, Moshi, katika nyumba ya ghorofa ambayo tangi lake liko juu ya paa. Yeye anafulia chini, na kwake haijagoma hata siku moja. Kila nikienda kumtembelea naitazama kwa wivu ikijaza maji kwa kasi.

Lililobaki ni la wauzaji. Kibandiko cha "miaka 10" kilichobandikwa kwenye mashine ni cha mota, na mota ndiyo kitu kinachoharibika mara chache kuliko vyote. Vali, pampu na bodi, ambavyo ndivyo hutupeleka kwa mafundi, hupewa udhamini mfupi zaidi, na hilo limeandikwa kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayekusomea. Bei haziandikwi, hivyo mtu aliyekuja kwa gari huambiwa yake na aliyeshuka kwenye daladala huambiwa yake. Nilipokuwa natafuta ya pili, duka moja lilinitajia shilingi 1,150,000, kisha mwenye duka akaongeza kwa sauti ya chini kwamba bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, angenipunguzia. Ukikubali hivyo, udhamini wako umekwisha kabla mashine haijapakiwa, kwa sababu siku ya kudai utaulizwa risiti hiyo hiyo. Vivyo hivyo mashine zinazovushwa kutoka Kenya kwenye mpaka wa Namanga kwa bei tamu: kabla hujalipa, uliza kwa maandishi ni nani hapa Tanzania atakayeuheshimu udhamini wake.

Maduka matatu yalikataa kunifungulia boksi nisome kijitabu. Mmoja aliniambia kwamba boksi likifunguliwa mteja mwingine hatalitaka, kana kwamba mimi si mteja. La nne, kijana alikata utepe kwa ufunguo, akatoa kijitabu, tukakitafuta pamoja kile kijedwali cha nyuma chenye volti, uzito na presha ya maji. Aliisoma namba kwa sauti, kisha akaniuliza, "Mama, hii MPa ndiyo nini?" Nikamweleza habari ya stendi na mita, naye akaenda kumuita mwenzake aje asikie. Nililipa 1,120,000 na risiti, halafu gari la mizigo likanidai 25,000 kutoka mjini hadi Moshono, na wabebaji 10,000 nyingine za kuishusha tu, kwa sababu kuiingiza ndani, wakasema, hakukuwamo kwenye makubaliano.