Uzoefu wangu na kituo cha wanyama kilichonirudishia paka, Mombasa

Kituo ninachokieleza kiko upande wa bara, ng'ambo ya daraja la Nyali, na hupokea zaidi mbwa na paka. Sikitaji kwa jina kwa sababu pamoja na sifa nina malalamiko, nami ningependa wahusika wayapokee kama ushauri. Nilikwenda huko nikiwa mtu aliyepotelewa na mnyama wake, kwa hiyo sitasema lolote kuhusu wanavyowatafutia makao wanyama wasio na wenyewe. Nitaeleza jinsi wanavyohakikisha mnyama ni wa nani kabla ya kumtoa, kwani hapo ndipo nilipoona kazi iliyofanywa kwa akili, na jinsi wanavyomtafuta mwenyewe, ambapo bado wana safari.

Paka wangu, Hina, ana rangi tatu: nyeupe, nyeusi na manjano iliyokolea. Tunaishi Kibokoni, Mji wa Kale, ambako paka hafungiwi ndani. Hutoka alfajiri, hupita kwenye baraza za majirani, hufika soko la samaki, kisha hurudi jua likipanda. Asiyetujua hudhani kwamba paka wote wa vichochoro vyetu hawana wenyewe. Watu wa kujitolea walikuwa wakitega paka karibu na soko ili wakafungwe uzazi, wachanjwe na kurudishwa palepale walipochukuliwa. Ni kazi ninayoiunga mkono kwa dhati, maana paka wachanga wanaotupwa mitaroni wakati wa masika ni wengi na hakuna anayewalilia. Hina alinaswa pamoja na hao wa sokoni, akavushwa daraja.

Paka wa mtaani aliyekwisha kufungwa uzazi hukatwa ncha ya sikio, aghalabu la kushoto, ili asinaswe na kupasuliwa mara ya pili bure. Masikio ya Hina ni mazima. Daktari wa kituo alipomnyoa ili amfanyie upasuaji alikuta kovu la zamani ubavuni kushoto, akaacha kila kitu. Alielewa kwamba paka mwenye kovu lakini asiye na alama sikioni alipasuliwa na daktari wa mifugo kwa gharama ya mtu fulani, na kwamba mtu huyo huenda anamtafuta. Akaandika hivyo kwenye daftari la mapokezi, akaongeza mahali na tarehe aliponaswa, akaagiza paka asirudishwe sokoni wala asipewe mtu mwingine. Ninawashukuru kwa mstari huo wa daftari kuliko kwa jambo lolote lililofuata.

Nilipofika, kijana wa mapokezi alinikaribisha, akanipa kiti, wala hakunipeleka kwenye vizimba. Alisema, "Mama, samahani, kabla sijakuonyesha yeyote, nieleze paka wako tangu kichwa hadi mkia." Nilikuwa na wasiwasi mwingi na ningetamani kukimbilia ndani, lakini nilieleza: rangi, jinsia, umri, kovu la ubavuni, na ncha ya mkia iliyopinda tangu kuzaliwa. Hapo akafungua daftari. Picha waliyokuwa wameitangaza ilionyesha uso na kifua tu. Mkia na kovu walivificha makusudi, ili anayekuja kudai awatajie yeye mwenyewe wasivyovionyesha. Aliniambia kwamba kabla yangu alipiga simu mtu aliyedai kwamba huyo ni dume lake. Jeni ya manjano kwa paka iko kwenye kromosomu X, na kwa kawaida paka hupata manjano na nyeusi kwa pamoja akiwa tu na X mbili, yaani akiwa jike. Dume wa rangi tatu hutokea kwa nadra mno, na karibu kila mara huwa tasa. Mhudumu anayejua jambo hilo hahitaji kubishana na mtu kwenye simu.

Baada ya maelezo aliomba kadi ya chanjo na picha za zamani kwenye simu yangu, zile za nyumbani zenye tarehe. Ndipo tukaenda kumwona. Hina alikuwa amejikunyata nyuma ya kizimba, na nilipomwita hakusogea. Niliingiwa na hofu kwamba wangesema hanijui. Mhudumu alinituliza: hawamhukumu mwenyewe kwa jinsi paka anavyompokea, kwa kuwa paka aliyeshikwa na woga, katikati ya harufu na kelele za mbwa, anaweza kumkimbia hata aliyemlea. Nimesikia watu wengi wakisema mnyama humtambua mwenyewe na hiyo yatosha. Kituo kinachotegemea hilo kitamnyima paka mwenyewe halisi na kumpa mgeni mwenye mkono mpole.

Sikuondoka naye siku hiyo. Wakati wa kumtoa mtegoni alikuwa amemuuma mmoja wa wasaidizi, na kituo humweka mnyama aliyeuma chini ya uangalizi kwa siku 10 tangu kuuma, hata akiwa na kadi ya chanjo. Mnyama ambaye virusi vya kichaa cha mbwa vilikuwa vimefika kwenye mate yake alipouma ataugua na kufa ndani ya siku hizo. Akizimaliza akiwa mzima, aliyeumwa hana la kuhofia kuhusu kichaa kutokana na jeraha lile. Jina la ugonjwa huo huwafanya wengi wasahau kwamba paka pia huupata na huuambukiza. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo mwaka 2030, na sioni jinsi lengo hilo litakavyofikiwa ikiwa vituo vitawalegezea wenye wanyama kwa sababu wanalia. Mimi nililia, na hawakulegeza. Waliniruhusu kumtembelea na kumletea chakula alichokizoea.

Sasa malalamiko. Tangazo la Hina liliwekwa kwenye ukurasa wao wa mtandaoni, kwa Kiingereza peke yake, na hakuna karatasi iliyobandikwa sokoni alikonaswa. Nilipata habari kwa muuza samaki aliyeuona mtego ukipakiwa garini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu paka waliopotea ulionyesha kwamba robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walipotokea. Kwa hiyo mwenye paka hufanya sawa kabisa anapozunguka vichochoro vya jirani, akichungulia chini ya ngazi na kwenye magofu. Lakini mnyama akishapakiwa garini na kuvushwa bahari, utafutaji huo wote unakuwa kazi bure, na anayejua aliko ni aliyembeba tu. Mzigo wa kuacha habari uko juu yake. Karatasi ya Kiswahili yenye picha na nambari ya simu, ikibandikwa sokoni na kuachwa kwa mwenye duka la karibu, ingemfikia hata bibi asiye na simu ya kuperuzi. Nambari yao pia haikupokelewa mwishoni mwa wiki, na mwenye mnyama hawezi kungoja Jumatatu akiwa ametulia.

Nilimtia Hina chipu palepale kabla ya kumchukua. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, huingizwa kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega, hakina betri wala hakionyeshi mnyama yuko wapi. Kikipitishiwa kifaa cha kusomea hutoa nambari ya tarakimu 15, basi. Utafiti wa mwaka 2009 katika vituo 53 vya Marekani ulionyesha kwamba paka wenye chipu walirudi kwa wenyewe kwa asilimia 38.5, ilhali kwa paka wote waliookotwa kiwango hakikufika asilimia 2. Nchini Uingereza, eneo la England, chipu ni lazima kwa paka wa kufugwa tangu Juni 10, 2024. Hata hivyo nambari haina faida kama haijaandikwa mahali pamoja na simu ya mwenyewe. Kituo hiki kinaiandika kwenye daftari lake, daktari wangu wa Ganjoni analo lake, na madaftari hayo hayaonani. Niliomba wapelekeane nambari, na kila upande ulikubali, lakini nililazimika kuzibeba mimi mwenyewe.

Kwa gharama, nililipa kwa M-Pesa ada ya chakula na malazi pamoja na bei ya chipu, nikapewa risiti iliyochanganuliwa, na hawakunitoza kwa zile siku walizomshikilia kwa ajili ya uangalizi. Ukienda, chukua kitambulisho, kadi ya chanjo, picha za zamani na kizimba cha kubebea chenye mlango unaofungika sawasawa, kwa kuwa hawamtoi paka akiwa mikononi au kwenye kikapu kilicho wazi. Waliomba pia jina la jirani wa kupigiwa simu iwapo yangu itazimwa, nami nikawapa la yule muuza samaki.