Mtaalamu aliyesema mbuyu wetu umekufa

Muda umepita lakini hasira haijaniisha. Kama una kiwanja Malindi au vijiji vya jirani, na unatafuta mtu wa kukuandikia ripoti ya miti kabla ya kupeleka ramani kaunti, soma kwanza yaliyonipata.

Tuna robo eka upande wa Ganda, urithi wa marehemu baba. Katikati pana mbuyu. Nilitaka kujenga vyumba vinne vya kupangisha na nyumba ndogo ya mama. Mchoraji ramani akanionya nisiuguse mbuyu bila karatasi ya mtaalamu, hasa baada ya yale ya mwaka 2022, mibuyu ya Kilifi ilipong'olewa mizima ipelekwe ng'ambo hadi Rais akaagiza uchunguzi. Nikapewa namba ya mtu mwenye kampuni yake. Bei Sh30,000, nusu nikailipa kabla hajafika.

Alikuja mchana, jua la kaskazi linachoma, mbuyu umepukutika, haukubaki na jani hata moja. Hakuteremka garini. Narudia, hakuteremka. Alishusha kioo, akautazama mti kutoka barabarani, akamwambia msaidizi wake aandike: umekufa, uondolewe.

Mama alikuwa kibarazani anasuka ukili. Akainuka, akamwendea mpaka pale gari liliposimama. "Mwanangu, huu haujafa. Mbuyu hupukutika kiangazi. Masika ikinyesha utauona."

Unajua alijibiwa nini? "Mama, mimi nimesomea miti." Kioo kikapanda.

Mama yangu ana miaka sabini na kitu. Ameuza mabuyu ya mti huo, ya sukari na rangi, mpaka mimi nikamaliza shule. Angemtukana asingelaumiwa. Hakumtukana. Alichukua kisu cha jikoni akakwangua gome, mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba. Chini ya ile ngozi ya kijivu pakatokea kijani kibichi, kimeloa. Akageuka amwoneshe. Gari lilishaondoka, amebaki na kisu mkononi.

Ripoti ililetwa baada ya wiki kadhaa. Kurasa kumi na nne, picha moja, na picha yenyewe imepigwa kutoka ndani ya gari, ukingo wa mlango unaonekana. Mti mkavu, hatari kwa majengo, ukatwe. Nikakataa kumalizia malipo. Mvua zikaanza, mbuyu ukachipua, nikamtumia picha.

Samahani sikuipata. Nilipata ripoti ya pili. Safari hii mbuyu ni mzima kabisa, na nisijenge chochote ndani ya mita 15 kila upande! Hesabu ameitoa kwenye kanuni ya Uingereza ya miti iliyo karibu na ujenzi, BS 5837. Unapima kipenyo cha shina kwenye kimo cha mita moja na nusu, unazidisha mara 12, unapata umbali wa kuacha kutoka shinani kila upande, ndiyo duara la mizizi, ila usizidi mita 15. Mbuyu wetu mzingo wake ni mita sita na ushei, kwa hiyo umefika ukomo moja kwa moja. Sasa piga hesabu na wewe. Duara hilo ni mita za mraba 700 na kitu. Robo eka nzima ni kama 1,000. Nijenge wapi? Juzi nikate, leo nisisogee, na anayesema yote mawili ni mtu yuleyule ambaye hajawahi kuugusa mti wenyewe kwa mkono.

Hapo nilikuwa tayari kuwaita matapeli, basi. Lakini haki niiseme. Yule msaidizi, kijana wa huku huku kwetu, alirudi siku moja peke yake kwa bodaboda, ana tepu na kijembe. Kabla ya yote akamwendea mama, shikamoo, akamuomba amwoneshe mti. Kisha akachimba vishimo kwa taratibu kuifuata mizizi, mingine akiifukua kwa vidole ili asiikate. Mingi imelala juu juu tu, imekimbilia nyuma kwenye udongo. Upande wa barabara mwamba wa matumbawe uko karibu sana, mizizi ni michache.

Akanieleza kwamba ile kanuni imetungiwa miti na udongo wa kwao, ni mahali pa kuanzia, na ukishajua mizizi ilipo, umbo la lile duara unaweza kulibadili. Akachora upya: vyumba vyote upande wa barabara, nyumba ya mama juu ya nguzo badala ya msingi wa kuchimba mtaro, shimo la choo lihamishwe kona ya mbali. Na lori la mawe lisipite chini ya mti, maana uzito unashindilia udongo na mizizi inakosa hewa. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Mafundi wangu walishapanga kukoroga zege pale pale kivulini.

Ramani ilipita kaunti bila kurudishwa. Kwa hiyo ile pesa, niseme kweli, ilirudi, na zaidi. Nilikuwa nimefikia kuandika kwamba nawapendekeza.

Kisha nakumbuka kioo kile kikipanda mbele ya uso wa mama. Nikaifungua tena ripoti ya mwisho, ile yenye mchoro mzuri. Sahihi ni ya mkubwa. Jina la kijana halimo, hata kwenye ukurasa wa vipimo alivyopima yeye kwa mkono wake. Hapana, siwapendekezi. Ukilazimika kuwaita, sema unamtaka kijana, na usitoe hata shilingi kabla mtu hajashuka garini.

Mama mpaka leo ananiuliza yule kijana anaendeleaje. Yule mwingine hajamtaja tena. Mimi bado nangoja ampigie simu amtake radhi.