Chakula kikavu cha paka mwenye tumbo dhaifu: mfuko niliouchagua hapa Mombasa

Paka wangu Zafarani anakula Hill's Science Diet Sensitive Stomach & Skin, ule wa kuku na wali, na sina mpango wa kumbadilishia. Kinyesi chake sasa kina umbo, hakina ute, na ile harufu iliyokuwa ikitutoa sebuleni imekwisha. Manyoya ya mgongoni, yaliyokuwa yamesimama na kukauka, yamelala vizuri. Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye paka anayetapika na kuhara, aliyesimama mbele ya rafu ya mifuko ya kila rangi asijue ashike upi. Mifuko hii ni ghali, na picha ya mbele haikuambii lolote la maana.

Zafarani ni jike wa rangi ya machungwa, kilo nne hivi, mzaliwa wa vichochoro vya Kibokoni. Mimi hushona kanzu nyumbani, nashinda na vitambaa vyeupe vimetandazwa, kwa hiyo kila alipotapika nilikuwa hapo hapo nikaona kilichotoka. Mara ni punje nzima nzima, dakika chache tu baada ya kula, zimeshikana kwa mate na bado zina umbo lake la dukani. Mara ni povu la manjano alfajiri, tumbo likiwa tupu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ukienda kwa daktari mweleze umeona lipi. Punje nzima zinazorudi upesi mara nyingi ni za paka anayekula kwa pupa bila kutafuna. Shida ya utumbo wenyewe utaiona zaidi kwenye kinyesi.

Daktari wa mifugo aliyemwona hakuanza na habari za chakula. "Mama, niletee kinyesi kwanza, chakula tutazungumza baadaye," aliniambia. Nashukuru alishikilia hapo. Paka wetu wa pwani huokota minyoo kwa panya na mijusi, na kuna tegu anayepita kwa kiroboto: paka anajiramba, anammeza kiroboto, na tegu anaingia naye. Kuna pia giardia, kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho huharisha vibaya. Hakuna mfuko wa chakula utakaotibu hayo. Zafarani alipopewa dawa ya minyoo na kinyesi kikabaki laini, ndipo tukafika kwenye chakula.

Kabla sijasema kwa nini nilichagua mfuko huu, niseme kuhusu vyakula vya nyumbani, maana kila mtu ana ushauri wake. Bibi wa nyumba ya pili, mtu mwema mno, alikuwa akimpitishia Zafarani kisahani cha maziwa kila jioni. Nilimwendea nikamwomba kwa heshima: "Shikamoo Bi Mkubwa, naomba maziwa tumpumzishie, tumbo lake halivumilii." Paka akishakua, wengi wao mwili hupunguza kile kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, na sukari isiyosagwa huishia kuwa gesi na kuhara. Wali na dagaa nao si chakula cha kutegemea kila siku. Paka lazima apate kirutubisho kiitwacho taurini kutoka kwenye chakula, kwa kuwa mwili wake hautengenezi ya kutosha. Ikipungua kwa muda mrefu macho huharibika mpaka akapofuka, na moyo hudhoofika. Kuku wa kuchemsha bila chumvi, kitunguu wala bizari anafaa kwa siku chache tumbo likichafuka, ila si kwa mwaka mzima.

Sasa geuza mfuko, usome nyuma. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kizito zaidi mbele, na uzito huo ni wa kabla ya kupikwa. Kuku mbichi sehemu yake kubwa ni maji, kwa hiyo hata akiongoza orodha, soma pia cha pili na cha tatu. Mimi nataka nyama yenye jina lake: kuku, bata mzinga, kondoo. Maneno kama "nyama na mazao ya wanyama" hayanitoshi, kwani mfuko wa leo waweza kuwa wa ng'ombe na wa mwezi ujao wa kitu kingine, na tumbo dhaifu linataka kile kile kila siku. Hilo la jina ni muhimu kwa mafuta pia. Wengi wetu huku hatutaki kitu cha nguruwe kiingie jikoni, na vyakula vingine vya paka vinacho. Ukikuta "mafuta ya wanyama" bila kutajwa mnyama gani, muulize muuzaji, na kama hana jibu urudishe mfuko rafuni.

Kuhusu protini, umoja wa wakaguzi wa chakula cha mifugo Marekani, AAFCO, umeweka asilimia 26 kuwa kiwango cha chini kwa paka mkubwa, na asilimia 30 kwa mtoto wa paka au jike mwenye mimba. Hesabu hiyo hufanywa maji yakiwa yameondolewa. Mfuko ukisema protini 30 na unyevu 10, gawanya 30 kwa 90 na utapata asilimia 33 hivi. Ni hesabu ndogo, na inakusaidia kulinganisha mifuko miwili bila kudanganywa na maandishi makubwa. Baada ya hapo natazama nyuzinyuzi, hasa makapi ya kiazi sukari au mzizi wa chikori, ambazo hulisha bakteria wazuri wa utumbo. Wali haunitishi. Chenga za mchele husagika kwa urahisi, na ndiyo maana vyakula vingi vya matumbo dhaifu huzitumia.

Nililinganisha mifuko mitatu iliyokuwa ikipatikana na iliyofungwa kiwandani. Royal Canin, kampuni ya Ufaransa iliyoanzishwa 1968 na daktari wa mifugo Jean Cathary, ina Digestive Care kwa paka wa kawaida mwenye tumbo la kusumbua, na ina Gastrointestinal, ambayo ni ya kutumia kwa maelekezo ya daktari. Msiichukue hii ya pili kama biskuti. Purina Pro Plan wana Delicate ya bata mzinga, na hiyo ndiyo ningempa paka ambaye kuku anamsumbua. Dada yangu wa Likoni ana dume mweusi aliyekuwa akijikuna shingo mpaka ngozi inatoka, tumbo nalo halitulii. Tangu ahamie bata mzinga ametulia na amenenepa. Mzio wa chakula kwa paka huletwa zaidi na ng'ombe, samaki na kuku. Samaki! Sisi tuliolelewa kuamini kuwa paka na samaki ni chanda na pete, hilo ni la kulizingatia sana. Zafarani hana shida na kuku, daktari alikubali, na Hill's ndiyo iliyokuwa na mfuko mdogo karibu nami. Nikaanza nayo.

Kitu kimoja kuhusu jina: mfuko wa soko la Marekani huandikwa Science Diet, na wa Ulaya Science Plan. Huku yote miwili hufika. Mchanganyiko wa ndani hautakuwa lazima sawa sawa, hivyo ukibadilisha kutoka mmoja kwenda mwingine, badilisha polepole kana kwamba ni chakula kipya.

Na hilo la polepole ndilo watu wanaloliruka. Siku saba hadi kumi: anza na robo ya kipya na robo tatu za kile cha zamani, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, ndipo kipya kitupu. Kinyesi kikilegea katikati, rudi hatua moja nyuma usubiri. Mtu humpa paka chakula kizuri ghafla, paka anahara, basi chakula kinalaumiwa.

Ule utapikaji wa punje nzima nzima niliumaliza kwa sinia. Nimeacha kibakuli kirefu. Namwaga chakula kwenye sinia pana la bati na kukitandaza, kila punje peke yake. Anailamba moja, anaitafuna, anatafuta nyingine. Unasikia meno yakivunja. Nampa kidogo kidogo mara nne kwa siku badala ya rundo moja la asubuhi. Paka wa kilo 4 anayeshinda ndani huhitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku, na vyakula vya aina hii huwa na kalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, kwa hiyo ni gramu 50 hadi 70 tu kwa siku nzima. Pima kwa mizani ya jikoni. Kikombe cha macho huongopa, na kula kupita kiasi peke yake kunatosha kumharisha.

Maji nayo. Chakula kikavu kina unyevu wa asilimia 10 hivi, cha kopo hufika 75 na zaidi, na paka kwa asili yake si mnywaji. Nimeweka mabakuli mawili ya maji mbali na chakula, moja karibu na cherehani, na hilo ndilo analolipenda.

Hewa ya Mombasa hainipi nafasi ya kununua gunia kubwa. Joto na unyevunyevu huharibu mafuta ya chakula kikavu mara tu mfuko ukifunguliwa. Utaisikia harufu, kama ya mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi, na paka ataisikia kabla yako. Nanunua mfuko wa kilo moja na nusu hivi, nakiacha chakula ndani ya mfuko wake, nakunja mdomo, nabana kwa kibanio cha nguo, kisha natia mfuko wote kwenye debe lenye kifuniko. Mfuko wenyewe una tarehe na namba ya toleo, na ukikimimina chakula debeni unazipoteza.

Kwa sababu hiyo hiyo sikubali tena chakula cha kupimiwa. Kuna duka nililokuwa nikinunua kwa kilo, gunia liko wazi mlangoni, sisimizi wanapanda, na kijana akiulizwa tarehe anasema "kimekuja juzi, mama." Kwa paka mwenye tumbo zima huenda akapona nacho. Kwa Zafarani, bei nafuu ile nilikuwa nikiilipa kwa daktari.

Bei ya mfuko huu ni kali, zaidi ya mara tatu ya chakula cha kawaida kwa uzito ule ule, na si kila nyumba itaimudu. Lakini kwa gramu 60 kwa siku mfuko wa kilo moja na nusu unakwenda wiki tatu na zaidi. Kasoro nyingine ni kwamba vyakula vyote vya kuagizwa hukatika madukani bila taarifa, kwa hiyo nanunua unaofuata wakati debe liko nusu, nipate muda wa kubadilisha taratibu ikilazimu.

Mpe chakula kipya wiki nne hivi kabla ya kukihukumu. Ikiwa daktari anashuku mzio wenyewe, atakupa chakula cha protini iliyovunjwavunjwa, kama z/d ya Hill's au Hypoallergenic ya Royal Canin, na hicho huliwa peke yake kwa wiki nane, bila hata kipande cha samaki cha jirani. Paka akikataa kula siku nzima, akitapika mfululizo, au ukiona damu, mpeleke siku hiyo hiyo. Paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, ini lake huingia mafuta na linaweza kumuua.

Mkiwa ng'ambo ya Likoni, pigeni simu dukani kabla ya kupanda feri, muulize kama mfuko mdogo upo na tarehe iliyochapwa juu yake ni ipi.