TAHADHARI: "DEF ya baridi" isiyoganda ni utapeli, mimi nimeshapigwa

Wakuu madereva wa North Dakota, Minnesota na kote kwenye theluji, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna jamaa anazungusha madumu ya DEF, yale maji ya urea ya kusafishia moshi wa lori la dizeli, kwenye maegesho ya malori hapa Fargo na kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Anasema ni "DEF ya baridi", haigandi mpaka nyuzi -40. Mimi nilinunua madumu 12. Sasa hivi niko nyumbani nakunywa chai, lori liko gereji Dickinson, na mzigo wangu wa kwenda Billings ulishapelekwa na mtu mwingine.

Jina lake sitaji wala namba yake siweki, malalamiko nimeshayapeleka panapohusika. Ninachotaka mjue ni mchezo wenyewe, maana akiacha huyu ataibuka mwenzake.

Nieleze nilivyonasa. Mimi ni mtu wa Makambako, na kule tulijiona tunaijua baridi. Mwezi Desemba niliacha madumu matatu ya DEF kwenye sanduku la pembeni la lori, yale ya galoni mbili na nusu ya kununua dukani. Asubuhi nikakuta yamekuwa mawe, matumbo yamevimba, moja halisimami hata ukiliegemeza. Nikajua yameharibika. Nikapiga picha, nikaweka kwenye kundi, nikauliza kama kuna mtu anajua pa kuyatupa.

Hapo ndipo jamaa aliponifuata pembeni. Kiswahili safi, "kaka" nyingi, pole nyingi. Akaniambia hiyo niliyonunua ni DEF ya kiangazi, Wamarekani wanatuuzia sisi wageni kwa sababu hatujui. Yeye anayo ya baridi, wanayotumia watu wa Alaska. Dumu dola 22, ukichukua 12 anakuletea mpaka ulipo. Hiyo -40 nayo kaichagua vizuri: ndiyo namba pekee ambayo Selsiasi na Farenhaiti zinakutana, kwa hiyo hata ukitaka kumbana kwa hesabu humpati.

Tena hakuniomba nimwamini. Aliliacha dumu moja nyuma ya pikapu yake usiku kucha, usiku ulioshuka mpaka -27 za Selsiasi, akaniletea saa moja asubuhi. Akalitikisa mbele yangu. Lilikuwa linacheza chwa-chwa kama maji ya kisimani. Nikalinganisha na mawe yangu matatu, nikatoa simu nikalipa palepale. Risiti hakutoa na mimi sikudai, nitamdai risiti ndugu yangu?

Wakuu, lile chwa-chwa ndilo lilikuwa ushahidi kwamba si DEF.

DEF, ile ambayo Ulaya na nyumbani wanaiita AdBlue, ni vitu viwili tu: urea safi asilimia 32.5, na maji yaliyoondolewa madini asilimia 67.5. Hakuna cha tatu. Mchanganyiko huo huganda kwenye -11 za Selsiasi, yaani 12 za Farenhaiti. Ni lazima igande. Ukiongeza urea, itaganda mapema zaidi. Ukipunguza urea, itaganda mapema vilevile. Hiyo 32.5 ndiyo inayovumilia baridi kuliko kiwango kingine chochote, na faida yake nyingine ni kwamba urea na maji huganda pamoja kwa uwiano uleule, ikiyeyuka inarudi kama ilivyokuwa. Haipungui nguvu. Madumu yangu matatu yaliyovimba yalikuwa mazima! Ikiganda inatanuka kama asilimia 7, ndiyo maana dumu linaota tumbo. Ningeyaingiza ndani yakae jikoni mpaka kesho yake, ningeyatumia bila shida yoyote. Mimi nikayatupa, nikaenda kununua sumu.

Ili kitu hicho kisigande kwenye -27 lazima kitiwe kitu kingine, na kitu hicho, chochote kiwe, hakitakiwi kwenye ule mfumo. Hakuna dawa ya kuzuia DEF isigande inayoruhusiwa. Ile ya kuzuia dizeli isigande inaingia kwenye tanki la dizeli peke yake, msichanganye mambo.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Alhamisi jioni nilijaza tanki la DEF hapa Fargo, madumu matano. Ijumaa nikaingia barabara kuu ya I-94 kuelekea magharibi. Karibu na Jamestown ikawaka taa ya DEF, baadaye na ya injini. Nikasema baridi hiyo, itazima. Nilipopita Mandan lori likaanza kuwa zito, kila kilima nabaki nyuma ya wazee wenye pikapu. Nikajikongoja mpaka Dickinson, nikalala. Asubuhi nawasha, lori linawaka vizuri, lakini nikikanyaga mafuta halipiti maili 5 kwa saa. Maili tano! Mtu anatembea na mbwa wake alinipita pale kwenye maegesho, akanipungia mkono.

Hiyo si hitilafu ya injini, ndivyo lilivyotengenezwa. Malori mengi ya Marekani ya kuanzia 2010 hupuliza DEF kwenye ekzosi, joto linaigeuza kuwa amonia, na amonia hiyo ikifika kwenye kichocheo inaubadilisha moshi mbaya wa naitrojeni kuwa naitrojeni ya kawaida na maji. Kompyuta ikiona DEF si yenyewe, inakuonya kwanza, kisha inakunyima nguvu, kisha inakufunga miguu. Namba ya hitilafu iliyosomeka kwenye kompyuta ya lori langu ilikuwa SPN 3364. Ukiiona hiyo, tatizo ni ubora wa kilichomo kwenye tanki. Usianze kubadilisha vihisio hovyo.

Sasa sehemu iliyonishangaza. Fundi wa Dickinson, mzee mpole, alichota kidogo kutoka kwenye tanki akaweka kwenye refraktomita, kale kadude ka kuchungulia kama darubini. Kikasoma 32.4. Sawasawa kabisa! Akakuna kichwa. Halafu akachukua kipande cha bati, akadondosha tone moja la DEF ya kutoka kwenye boksi lake lililofungwa, na tone la kwangu pembeni, akaweka bati juu ya hita. Tukaongea habari za watoto. Baada ya dakika chache tone lake likawa limekauka, limebaki chumvichumvi nyeupe, kavu, ukipuliza inaruka. La kwangu halikukauka. Lilibaki limetanda, linang'aa, linanata kama juisi ya miwa iliyomwagika mezani. Akaligusa kwa kidole cha glavu, akavuta uzi mwembamba, akaniangalia bila kusema kitu.

Kulanti. Ile glaikoli ya kwenye rejeta. Jamaa alichanganya urea, maji na glaikoli mpaka namba ikakaa pale inapotakiwa. Refraktomita inapima tu mwanga unavyopinda, haijui ni nini kinachoupinda. Kihisio cha kwenye tanki langu chenyewe kinatumia mwendo wa sauti ndani ya maji, kwa hiyo hakikudanganyika. Kwa hiyo nyie wenye refraktomita kwenye droo msijione mko salama: inasaidia kumkamata aliyeongeza maji, lakini aliyetia kulanti inampitisha.

Tanki lilishushwa, likaoshwa, chujio jipya, nozeli ya kupulizia mpya. Pamoja na kuvutwa, bili dola 5,860, na fundi ameniambia wazi kwamba kichocheo hakiahidi, tutajua baada ya kutembea. Waranti hainisaidii, uharibifu wa DEF chafu ni juu yako mwenye lori. Haya, dola 22 mara 12 ni 264. Nilifikiri nimepata unafuu.

Nilipompigia jamaa, kwanza alisema sikutikisa dumu vizuri. Kisha akasema lori langu ndilo bovu, na ana rafiki anayeweza "kuifuta" DEF nzima kwenye kompyuta kwa bei ya kindugu. Kuuondoa mfumo huo ni kosa kwa sheria ya shirikisho ya hewa safi, na nikamwambia hivyo. Tangu hapo simpati tena kwenye namba yake. Inaonekana huo ndio mtego wenyewe: anakuua kwa mkono mmoja, anakuuzia jeneza kwa mkono wa pili.

Mtamtambuaje yeye au mwenzake? Madumu niliyouziwa yalikuwa na lebo nzuri tu, za bluu, lakini karatasi ya kuziba mdomo chini ya kifuniko haikuwepo kwenye mengi, na kwenye moja ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Tarehe ya kutengenezwa ilikuwa imekwanguliwa. Hilo la tarehe tu lingetosha kunishtua, kwa sababu DEF huzeeka: kwenye ubaridi wa kawaida inakaa hata zaidi ya mwaka, lakini ikipigwa na joto la nyuzi 30 na zaidi muda wote inaanza kuchoka mapema. Anayekuuzia Januari madumu yaliyokaa juani tangu Juni anakuuzia kitu kilichochoka hata kama hakutia kulanti. Ukifungua likakupiga harufu kali ya amonia mpaka macho yanalia, liache. Tafuta alama ya API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) kwenye lebo, kisha ingia kwenye tovuti ya API yenyewe, walioruhusiwa wameorodheshwa. Kuchapisha alama ni rahisi, lakini jina la kampuni kuwemo kwenye orodha ni jambo lingine. Na popote utakapoona maneno "haigandi", weka chini uondoke.

Baridi yenyewe haihitaji muujiza, nimejifunza hilo kwa bei mbaya. Tanki la DEF kwenye lori linapashwa joto na kulanti ya injini inayozunguka ndani ya mabomba yake (ndani ya mabomba, siyo ndani ya DEF!). Ukikuta imeganda asubuhi, washa lori uende, injini haikatai kuwaka na kompyuta inajua kusubiri iyeyuke. Usimwage maji ya moto juu ya tanki, usichome na moto wa gesi, nimeona mtu akifanya hivyo Moorhead nikafumba macho. Usijaze mpaka mdomoni kama unakwenda kulala nje, achia nafasi ya ile asilimia 7. Wenye swichi ya kukata betri, hili wengi hatulijui: ukizima injini, pampu inarudisha DEF iliyobaki kwenye mabomba mpaka tankini. Utaisikia inalia polepole. Isubiri imalize ndipo ukate umeme. Ukikata mapema, kilichobaki kwenye pampu na nozeli kinaganda humohumo, na hapo ndipo vitu vinapasuka.

Dumu la akiba liweke kabini nyuma ya kiti, wima, au nyumbani ndani. Likiganda, liyeyuke lenyewe. Usihamishie kwenye ndoo ya bati, chombo cha shaba au dumu lililowahi kukaa dizeli, hata ukilisuuza mara kumi. Na kwa safari za Januari mimi sasa najaza kwenye pampu za vituo vikubwa vya malori, zile zenye joto, napata risiti yenye saa na tarehe. Siku likitokea la kutokea, unayo karatasi ya kuonyesha.

Malalamiko nimepeleka kitengo cha kulinda walaji kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa North Dakota. Unajaza fomu mtandaoni, Kiingereza cha kawaida kinatosha. Wa Minnesota mnayo ofisi kama hiyo kwenu. Kuna kaka mmoja hapa aliniambia tusiwashtaki watu wetu kwa wazungu. Sikumjibu, nilimtumia picha ya bili.

Bado ninayo madumu saba nyuma ya nyumba, ni ushahidi, siyamwagi. Jana usiku ilikuwa -24. Asubuhi nimetoka na viatu vya ndani, nikatikisa moja. Chwa-chwa.

Kama ulinunua kwake kati ya Novemba na sasa, usiyatie kwenye lori. Ulishatia na hujawasha, usiwashe hata kidogo, mwite fundi amwage tanki kabla halijaingia kwenye pampu, utaokoa pesa nyingi. Niandikie pembeni tuunganishe malalamiko, na meseji zake na picha za malipo usizifute.