Uzoefu wangu: kapelo 48 za kikundi, na mshono uliotuharibia oda ya kwanza

Nembo yetu ni mti wenye shina jembamba na matawi mapana, na chini yake jina la kikundi kwa herufi ndogo. Kwenye karatasi unapendeza. Kwenye kapelo za oda ya kwanza shina liliangukia juu ya mshono wa katikati ya paji, sindano ikawa inateleza mara kulia mara kushoto, na mti ukatoka umepinda. Kapelo 48, na zote ziko hivyo.

Sisi ni watu tunaotembea pamoja kila Jumamosi asubuhi, na tulitaka kofia za kutukinga jua na kututambulisha njiani. Nimeagiza mara tatu, kwa watengenezaji wawili tofauti, na zile za mara ya pili tumezivaa miezi minane sasa. Ninayemwandikia ni yule anayejiandaa kuagiza. Chagua kofia kwanza, nembo ije baadaye. Sisi tulifanya kinyume, na mimi ndiye niliyesimamia kazi, kwa hiyo nililiwazia sana jambo hili.

Oda ya kwanza ilipofika, nilichukua kapelo moja nikaifumua kwa wembe ili nione ilivyoundwa. Ina vipande sita vyenye umbo la pembetatu vinavyokutana utosini, na kifungo kilichovikwa kitambaa kinafunika makutano yao. Kila kipande kina tundu la hewa lililozungushiwa uzi. Nyuma ya vipande viwili vya mbele kuna kitambaa kigumu kinacholifanya paji lisimame, chini yake mkanda wa jasho, na ndani ya ukingo kuna plastiki nyembamba. Mshono mnene zaidi ni ule unaounganisha vipande viwili vya mbele, na ndipo hasa kila mtu anapotaka kuweka nembo yake.

Ukifuatilia historia yake, utaona kwamba kofia hii haikushonwa kwa ajili ya nembo. Wachezaji wa besiboli wa New York Knickerbockers walianza mwaka 1849 na kofia za majani. Ilipofika 1860, timu ya Brooklyn Excelsiors ilikuwa inavaa kofia laini ya duara yenye kifungo juu na ukingo mbele, nayo ndiyo mama wa kapelo zetu. Shida yao ilikuwa jua machoni, basi. Picha ilikuja mwaka 1901, Detroit Tigers walipoweka chui milia mwekundu juu ya kofia zao. Hata hapo paji lilikuwa bado laini, linalala juu ya nywele. Miaka ya 1940 ndipo mpira wa utomvu (lateksi) ulipoanza kutumika ndani kulikakamaza, na mwaka 1954 kampuni ya New Era ya Buffalo ikatoa 59FIFTY, ile inayotoka kwa saizi ya kichwa, isiyo na mkanda wa kurekebishia, na yenye paji lililosimama wima ambalo leo vijana wengi wanalijua kama sura ya kapelo. Nembo ilikuwa mgeni aliyekaribishwa kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa, na mshono ulikuwapo kabla yake.

Kofia iliyokuja ikiwa tayari kwa kuchapishwa ni ile ya madereva wa malori. Nchini Marekani, hasa miaka ya 1970, kampuni za chakula cha mifugo na za vifaa vya kilimo ziliwagawia wakulima na madereva kofia za bure zenye jina la kampuni mbele. Mbele ni sponji, kipande kimoja kipana kisicho na mshono katikati. Nyuma ni wavu unaopitisha hewa. Ilikuwa bango la kuvaa kichwani, na ndiyo maana rangi inakaa vizuri pale mbele mpaka leo. Laiti ningelijua hilo mapema.

Mtengenezaji wa kwanza sitamtaja. Nilimtumia picha kwenye simu, akanijibu ndani ya saa moja kwamba kazi inawezekana, nikalipa. Hakuuliza kofia ya vipande vingapi, hakutuma sampuli, wala hakusema neno kuhusu shina jembamba. Nilipolalamika alinijibu kwamba ameshona kile nilichotuma, na kweli ndicho nilichotuma. Lakini mtu anayeshona kapelo kila siku anaujua ule mshono kuliko mteja, na kazi yake ni kusema. Kasi ya kujibu ilinipendeza wakati ule. Sasa naiona kama dalili mbaya.

Wa pili ni mama mmoja aliyenichosha kwa maswali, na namshukuru. Alitaka faili la michoro ya mistari, lile ambalo hata ukilikuza halipasuki, si picha ya simu. Akauliza kitambaa ni pamba au poliesta, na kama tutavaa juani kutwa. Kisha akapima maandishi yetu kwa rula.

“Dada, herufi hizi zina milimita tatu,” aliniambia. “Uzi utaziziba. Hiyo ‘a’ na hiyo ‘e’ zitakuwa madoa tu.”

Alinieleza kwamba kudarizi kwa mashine huanza kwenye programu. Mtu anakaa na kuamua kila mshono unaanzia wapi, unaelekea wapi, na uzi ulale kwa mwelekeo gani. Kofia si bapa kama shati, kwa hiyo hushonwa kutoka chini kwenda juu na kutoka katikati kwenda pembeni, ili kitambaa kisukumwe nje badala ya kujikunja. Faili lililoandaliwa kwa ajili ya shati linaweza kuharibika kabisa kwenye kofia. Hapo nilielewa kwamba hata shina letu lingekuwa nene, faili lile la kwanza lingetusumbua tu.

Tulikubaliana kutumia kapelo ya vipande vitano, yenye kipande kimoja kipana mbele. Shina likanenepeshwa, matawi yakapunguzwa kutoka tisa hadi matano, na jina la kikundi likahamia nyuma, juu ya uwazi wa kurekebishia, kwa herufi zenye urefu wa milimita nane. Mimi nilitaka pia nembo iliyoinuka, ile inayowekewa sponji chini ya uzi. Akakataa. Ile inafaa herufi nene, si matawi, kwa sababu uzi lazima uifunike sponji yote na kwenye mstari mwembamba sponji huchungulia pembeni. Alinitumia sampuli moja ya kila aina nijionee. Alikuwa sahihi.

Njia nyingine alizitaja kwa ufupi. Kuchapa kwa skrini kunafaa rangi chache na oda kubwa. Nembo ya kubandikwa kwa joto huonyesha hata picha yenye rangi nyingi, ila ikivuka mshono huanza kubanduka hapohapo. Wino unaogeuzwa mvuke na kuzama ndani ya nyuzi unataka poliesta ya rangi nyeupe au hafifu, kwa hiyo kwa kapelo yetu nyeusi ulikuwa nje ya mjadala.

Kuhusu rangi, omba kuona nyuzi zenyewe. Kijani cha kwenye skrini yangu na kijani cha uzi havikuwa ndugu. Ukiwa na rangi yako moyoni, ishikilie. Mwaka 1996 mwongozaji filamu Spike Lee aliiomba New Era imshonee kofia nyekundu ya Yankees, timu ya besiboli ya New York, wakati kofia ya timu hiyo ni ya bluu iliyoiva. Aliivaa kwenye fainali za besiboli mwaka huohuo, na baada yake kapelo za timu zikaanza kutoka kwa rangi za kila namna. Ombi la mteja mmoja lilifanya hayo. Nilimsimulia yule mama habari hiyo nilipokataa kijani cha kwanza, akacheka, akaleta kasha la pili la nyuzi.

Mzee mmoja wa kikundi hataki kapelo. Anavaa kofia bapa ya sufu, na hakuna wa kumbadilisha. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1571 ililazimisha kila mwanamume na mvulana aliyezidi miaka 6, isipokuwa watu wa tabaka la juu, kuvaa kofia ya sufu Jumapili na sikukuu ili biashara ya sufu isife; sheria hiyo ilifutwa 1597. Yeye anaivaa bila kulazimishwa. Kofia ya namna hiyo haina paji la kuwekea nembo, basi tukamdarizia mti mdogo kisogoni.

Baada ya miezi minane, uzi haujafumuka hata kwenye kofia moja, na mti umesimama wima. Nyeusi imepauka kidogo utosini. Nilichagua bizimu ya chuma nyuma badala ya vifungo vya plastiki, na hilo najuta kidogo: mkanda wake hulegea unapotembea kwa kasi, na wenye vichwa vikubwa wamefika mwisho wa mkanda. Oda ilichelewa siku nne, ila mama alituarifu kabla. Tunazifua kwa mkono kwa maji ya baridi na kuzianika juu ya bakuli lililopinduliwa, na hakuna iliyopoteza umbo.

Wiki iliyopita nimeagiza nyingine 20 kwa ajili ya wanachama wapya. Faili la mti bado analo. Safari hii nimeomba vifungo vya plastiki, naye ameniomba niwapime vichwa wenzangu kabla hajaanza kukata kitambaa.