Nimepeleka kiroba changu cha spea za kompyuta Mwembe Tayari, Mombasa, haya ndo yaliyonikuta

Ramadhani ikikaribia mamangu hutangaza vita na vumbi, makabati yanavutwa, mazulia yanatupwa uani, na safari hii akafika mpaka chini ya kitanda changu akakuta kiroba cha unga kimejaa vyuma. Akaniita, "We baba, hizi takataka zako wazitoa wewe ama nimwite wa mkokoteni?" Sasa zile si takataka jamani. Mle ndani mna RAM (vile vijiti vya kumbukumbu) za kila kabila, hadidiski tatu, pawa saplai, feni, dividii draivu, kadi ya waifai, mazabodi (ubao mkuu wa mashine) ya procesa ya zamani ya Core 2 Duo na waya za monita za VGA za kutosha kufungia ng'ombe, na vingi vyao vizima kabisa, nlivitoa kwa mkono wangu kwenye mashine zikiwa bado zaenda. Lakini mweleze mamako hayo na huku umeshika feni ina vumbi la miaka kumi.

Huyo wa mkokoteni namjua. Kuna siku nlimpa kesi nzima ya desktopu na mazabodi yake ndani, akaitia kwenye mizani kama mabati ya paa, nkapata shilingi hamsini. Hamsini! Hata mahamri na mbaazi hushibi. Na zile waya huchomwa ili ipatikane shaba ya ndani, plastiki yote inageuka moshi mweusi, waliokuwa wakipita Kibarani zamani jaa likiwa pale hawana haja ya kuelezwa. Kwa hivo nkasema hapana, kiroba hiki nakipeleka kwa mtu anayejua ni nini.

Binamu yangu ndo alonielekeza. Kiduka chenyewe hakina kibao, ukitoka Mwembe Tayari kama waenda Digo Road unaingia kichochoro, unapanda ngazi za giza mpaka ghorofa ya kwanza, ukisikia harufu ya risasi ya kuchomea ushafika. Gari usije nalo, pa kuegesha hakuna, shuka matatu ama panda tuktuk. Ndani ni joto la kuokea mkate, feni iko moja na imeelekezwa kwenye mashine inayopimwa, si kwa mteja. Mimi nlikaa pale karibu masaa matatu, kilichoniokoa ni muuza kahawa anapita na dele lake, kahawa tungu na kashata mbili nikatulia.

Sasa mazuri yake. Huyu fundi hakitizami kitu kwa macho akakutajia bei. Ana mazabodi mbili amezipigilia juu ya ubao, moja ya RAM za kizazi cha DDR3 na moja ya DDR4, monita kuukuu imeegemezwa ukutani, na flashi iliyo na Memtest86, programu ya kupima RAM. Kila kijiti cha RAM anakitia peke yake na kukiacha kikimbie, na wewe unaona kwa macho yako kama namba nyekundu zinatokea ama hazitokei. Kijiti changu kimoja nlishakizika moyoni, mwaka mzima hakikuwaka. Akakitizama, akachukua raba, raba ile ya shule ya kufutia penseli, akasugua yale meno ya dhahabu taratibu mbele na nyuma, akapangusa kwa spiriti, akakitia, kikawaka! Akaniambia hapa kwetu nusu ya RAM zinazotupwa hazijafa, ni unyevu na chumvi ya bahari, upepo wa pwani unakula kila kitu, na kwamba mtu wa Nyali barazani karibu na maji anaweza kuleta mashine ya miaka miwili ukafikiri imetoka kwenye meli iliyozama. Sijui kama ni nusu kweli ama ni maneno ya fundi, lakini changu kimefufuka na raba ni shilingi kumi.

Hadidiski nazo akazichomeka moja moja akafungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, buluu ni nzima na manjano ni onyo. Ile ya 500GB ya desktopu buluu, safi. Ya 320GB ya laptopu buluu. Ya 160GB ikatoa manjano, akanionyesha mstari wa sehemu zilizokufa ambazo diski yenyewe imezihamisha, akasema hii inafanya kazi leo, kesho usiiulize, usiweke kitu unachokipenda. Angeweza kuinyamazia anichukulie kwa mia mbili amuuzie mwengine, hakufanya hivo. Hapo nkaanza kumwamini.

Pawa saplai aliikataa katakata na mimi nlikuwa naiona ndo mali. Akaiwasha nje ya kesi kwa kuunganisha waya ya kijani na nyeusi, akatia mita, laini ya volti 12 ikasoma 11.1. Kumbe inaruhusiwa kupungua mpaka 11.4 tu, chini ya hapo ni ugonjwa. Akamulika tochi ndani nkaona kapasita mbili zimevimba vichwa kama andazi. "Ndugu yangu, hii ikifa haifi peke yake," akanambia, "inaondoka na mazabodi." Na mimi nlikuwa nataka kumpa shemeji yangu aiweke kwenye mashine ya saiba yake, Mungu amemnusuru.

Tuje kwenye pesa, hapa ndo mtanuna kama nlivonuna. RAM ya DDR3 ya 4GB ananunua mia tatu na kabatini mwake iko ile ile anauza mia nane, nkamwonyesha kidole akacheka akasema hiyo tofauti ndo kodi ya chumba. DDR2 hataki hata bure, dividii draivu hamsini, waya za VGA akanambia nirudi nazo nyumbani. Kwa vitu vyote alivovikubali akapiga hesabu elfu moja na mia mbili taslimu. Nkataka kufunga kiroba changu niondoke. Akanambia ngoja, ukichukua kitu dukani mwangu nakuhesabia elfu mbili. Na hapo ndo siri ya kile kiduka, mimi ningejua mapema nisingepoteza nusu saa kubishana: usiende kuuza, nenda kubadilisha. Kwa pesa taslimu spea kuukuu hazina thamani popote, si kwake tu, nlishajaribu kutia mtandaoni wiki mbili nkapata watu wa "bado iko?" halafu kimya. Lakini ukibadilishana naye anakaza kidogo tu, kwa sababu na yeye anapunguza mzigo wa kabati.

Nkachukua SSD (ile diski ya kasi isiyozunguka) iliyotumika ya 120GB kwa elfu moja mia tano, aliipima mbele yangu pia, na kasha la USB la mia tano la kutilia ile 320GB yangu. Pesa sikutoa hata thumni. Hilo kasha ni katika vitu bora nlivochukua mwaka huu, ile hadidiski ya laptopu inakula umeme wa USB wa volti 5 tu kwa hivo naichomeka nyuma ya TV na mama anatizama mawaidha na vipindi vyake bila bando. Ya desktopu usijaribu hivo, ile kubwa inataka volti 12 kutoka adapta yake, wengi wananunua kasha la bei rahisi halafu wanalaumu diski.

Sasa nlikereka wapi. Kwanza hiyo 500GB nliyomwachia. Kijana wake aliichukua akaipiga fomati ya haraka, sekunde kumi, akasema ishafutika. Nkamwambia kijana, mle ndani mna picha za harusi ya dadangu, na si za bwana harusi na masharifu, ni za wanawake siku ya kupamba, mabui-bui yashavuliwa, hizo zikitoka mimi nahama Mombasa. Akasema hapana kaka, tupu hiyo. Fundi mwenyewe akasikia, na hapa nampa heshima yake, hakumtetea. Akaichomeka tena akafungua PhotoRec, programu ya bure, na wallahi dakika tano hazikufika picha zikaanza kurudi moja moja. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye viatu. Kufuta na kufomati haraka ni kama kung'oa orodha ya mwanzo wa kitabu, kurasa zote bado zimo. Inatakiwa ile fomati ndefu inayoandika sifuri juu ya kila sehemu, kwenye Windows unaondoa tu alama ya fomati ya haraka. Ya 500GB ikachukua saa moja na nusu, nkakaa nkaisubiri mpaka ikaisha na nkamwambia ajaribu PhotoRec tena, ikatoka mikono mitupu. Fanyeni hivo nyumbani kabla hamjapeleka, msitegemee vijana wa dukani. SSD ni mambo mengine, hiyo kuandika sifuri haitoshi kwa sababu inaficha sehemu zake yenyewe, tafuteni programu ya kampuni iloitengeneza ndo ina amri ya kufuta kweli.

Kero ya pili ni ya yule yule kijana. Nlikuwa na laptopu ya mpwa wangu nyumbani Kisauni, procesa yake Intel i5 ya kizazi cha nne, RAM 4GB, ilikuwa inachukua muda wa kuchemsha chai mpaka iwake. Nkabadilisha vijiti vyangu viwili vya 2GB kwa kimoja cha 4GB nimwongezee. Nkafika nyumbani, nkatia, skrini nyeusi tii. Nkasugua kwa raba (nshakuwa fundi na mimi), wapi. Kumbe kijana alinipa iloandikwa PC3 na laptopu za kizazi kile zinataka PC3L, ile ya volti 1.35 badala ya 1.5. Herufi moja! Iko kwenye stika ya kijiti chenyewe, ni kusoma tu. Kesho yake matatu, foleni ya daraja la Nyali, jua la utosi, ngazi za giza. Walibadilisha bila ubishi na fundi akamkata kijana jicho, lakini nauli yangu na siku yangu hawakunilipa, na kahawa nlijinunulia mwenyewe.

Faida ni kwamba siku hiyo nlikuja na laptopu yenyewe, kwa hivo SSD ikaingia pale pale. Fundi akaniuliza nataka nini ndani. Nkasema Windows 11, akatikisa kichwa, ile inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na procesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, kulazimisha kunawezekana lakini yeye hataki lawama, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025. Akatia Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, mia tatu ya kazi, dakika ishirini na tano. Laptopu sasa inawaka kabla hujakaa vizuri kitini. Mpwa wangu alinuna siku mbili kwa sababu gemu lake moja halimo, siku ya tatu akazoea, anafanya kazi za shule na YouTube yake, basi. Ukihesabu, laptopu nzima imefufuliwa kwa spea za chini ya kitanda na mia tatu.

Kuna vitu vyangu alivyokataa na nampa haki. Kadi ya waifai ya laptopu hakuna anayeitaka, na akanambia baadhi ya HP na Lenovo za zamani zinaikataa kadi isiyo kwenye orodha yao hata kama ni nzima. Mazabodi ya Core 2 Duo akaitoa betri ile ya duara ya CR2032, akanirudishia. Hiyo mazabodi na pawa saplai nazihifadhi, Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea taka za umeme na mjomba wangu hupanda treni ya SGR kila mwezi, nshamwandalia mfuko ingawa yeye bado hajui. Dividii draivu nayo msiikimbilie kuiuza hamsini kama mimi, kuna fremu yatiwa mahali pake kwenye laptopu ukaweka hadidiski ya pili, ila pimeni unene kwanza, ziko za milimita 9.5 na 12.7. Mimi nliambiwa hayo nikiwa nshapokea hamsini yangu.

Nampa nyota nne. Ya tano ingekuja kama kijana angejua kusoma stika. Nendeni asubuhi saa tatu kabla joto halijakolea, Ijumaa wanafunga kwa sala na kurudi kama saa nane, na kama mnapeleka laptopu bebeni chaja yenu, pale chaja ni za kugombania. Risiti haandiki mpaka umwombe, mwombeni, na aandike namba ya kijiti na tarehe, mimi bila karatasi ile sijui kama ile RAM ningebadilishiwa kirahisi.

Na msimwambie mamangu, nlitoka na kiroba kimoja, nimerudi na nusu kiroba na monita ya inchi 17 ambayo fundi aliniachia kwa mia nne.