array_unique, array_flip au lupu: tumezipima njia za kuondoa marudio kwenye PHP

Una safu (array) ya namba za simu 100,000 za kutumiwa SMS, na hakuna mteja anayetakiwa kupata ujumbe uleule mara mbili. Lugha ya programu ya PHP inakupa njia kadhaa za kuichuja. Zinatofautiana sana kwa kasi, na zaidi kwa kile kinachobaki mkononi ukimaliza.

Tuanze na ile ya kuachana nayo: lupu (msimbo unaojirudia) yenye `in_array`, inayouliza kama thamani imo kwenye safu, ndani yake. Kila namba mpya inalinganishwa moja moja na zote zilizokwisha kuhifadhiwa. Namba 100,000 zikiwa zote tofauti, hiyo ni milinganisho 4,999,950,000. Ukiongeza orodha mara mbili, kazi inakuwa mara nne. Inadanganya watu kwa sababu kwenye majaribio ya namba 50 huoni tofauti yoyote, na hata orodha ndefu huenda haraka kama thamani tofauti ndani yake ni 20 tu. Siku data halisi inapoingia, ukurasa unaganda.

`array_unique` ndiyo ya kuanzia. Tangu PHP 7.2, ukiiacha na mpangilio wake wa kawaida, SORT_STRING, inatumia jedwali la hashi, linalotafuta thamani moja kwa moja bila kuilinganisha na zote: inapita kwenye safu mara moja tu, haipangi chochote. Ukiipa SORT_REGULAR inarudi kwenye kupanga kwanza, kisha kulinganisha majirani. Hapo kasi inashuka, na si kasi pekee inayoharibika. SORT_REGULAR hulinganisha stringi (maandishi) zinazofanana na namba kwa thamani yake, kwa hiyo msimbo "007" na "7" vinakuwa kitu kimoja na kimoja kinatupwa. Kwa namba za vocha au za usajili, hilo ni kosa zito. Safu yenye aina mchanganyiko nayo inaweza kubaki na marudio, kwa kuwa upangaji wenyewe hauna msimamo.

Kasoro ya `array_unique` inayowasumbua wengi ni mapengo kwenye funguo, yaani namba za nafasi kwenye safu. Inabakiza ufunguo wa kwanza wa kila thamani, kwa hiyo unaweza kupata 0, 1, 4, 7. Ukipeleka hiyo kwa `json_encode`, inayogeuza data kuwa JSON, badala ya orodha inatoka objekti, na programu ya simu inayosubiri orodha inakwama. Ifunge kila mara: `array_values(array_unique($namba))`.

Kwa kasi tupu kwenye namba kamili, `array_keys(array_flip($namba))` inashinda: `array_flip` hugeuza thamani kuwa funguo, na `array_keys` huzitoa. Sababu iko wazi: `array_unique` hugeuza kila namba kuwa stringi kabla ya kuitafuta, ilhali `array_flip` huitumia moja kwa moja kama ufunguo. Funguo pia zinatoka zimenyooka, 0, 1, 2, bila mapengo.

Lakini itazame kwa karibu kwenye namba za simu. "0712345678" inatoka salama, kwa kuwa sifuri ya mbele inaifanya ibaki stringi. "+255712345678" nayo inabaki. "255712345678", kwenye mashine ya biti 64, inageuka namba kamili kimyakimya. Kama faili lako lina `strict_types=1`, inayokataza kubadili aina kimyakimya, `strlen` itakayofuata inarusha TypeError, na utatafuta kosa mahali pasipo. Dawa ni kupitisha matokeo kwenye `array_map('strval', ...)`. Desimali, null na true au false zinarukwa kwa onyo, hazimo kabisa kwenye matokeo.

Tunayoipenda zaidi kwa kazi ya kila siku ni lupu yenye `isset`, inayouliza kama ufunguo upo:

`foreach ($namba as $n) { if (isset($z[$n])) continue; $z[$n] = true; $safi[] = $n; }`

Haibadilishi aina ya thamani, inashika iliyotangulia, na unaweza kuiendesha huku ukisoma faili mstari kwa mstari bila kupakia faili zima kwenye kumbukumbu. Usiipe desimali tu: 1.2 na 1.7 zote zitakuwa ufunguo 1.

Kama una rekodi nzima badala ya namba, `array_column($wateja, null, 'simu')` inamaliza kwa mstari mmoja, ila inabakiza rekodi ya mwisho ya kila simu. Ukitaka ya kwanza, ndani ya lupu andika `$wa[$r['simu']] ??= $r;`, kuanzia PHP 7.4.

Ukipima mwenyewe, tumia `hrtime(true)` (saa ya nanosekunde), zima Xdebug (kifaa cha kutafutia makosa), rudia mara nyingi na uchukue thamani ya katikati. Jaribu orodha yenye marudio machache na yenye marudio mengi, maana majibu hayafanani.

Na kabla ya kuchagua njia yoyote, safisha. Faili la CSV lililotoka Windows likikatwa kwa "\n" linaacha "\r" mwishoni mwa kila namba, isipokuwa pengine ya mwisho. Kwa PHP, namba yenye "\r" na isiyo nayo ni stringi mbili tofauti. Vivyo hivyo "0712345678" na "+255712345678", ingawa laini ni moja. `trim` kwanza, kisha geuza zote ziwe na 255 mbele, ndipo uondoe marudio. Bila hivyo, hata njia ya kasi kuliko zote itamtumia mteja SMS mbili.